Maktaba ni ya Kuazima Vitabu, Si Nguo



Kuna desturi mpya imeingia katika shule zetu, hasa za mijini na za binafsi, nayo inazidi kuota mizizi kila mwaka. Inaitwa hafla ya vitabu. Maktaba ya shule hupambwa kwa maputo na vitambaa vya kumeta, keki huagizwa, spika hukodiwa, na wanafunzi huambiwa waje wamevaa kama mhusika wa kitabu wakipendacho. Picha hupigwa, mwenye vazi bora hupewa zawadi, na jioni mlango hufungwa. Kisha walimu hupongezana kwamba wamekuza utamaduni wa kusoma.

Mimi nasema hawakukuza kitu. Nasema na zaidi: hafla hizo, kwa namna zinavyofanywa sasa, zinawafundisha watoto wetu mambo matatu ya uongo. La kwanza, kwamba kitabu ni vazi. La pili, kwamba watu wa vitabuni hawafanani na wao. La tatu, kwamba lugha yao haina kitu cha kusomwa wala cha kusherehekewa.

Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya walimu vijana, na wengi wao ni watu wenye nia njema wanaofanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Nia yao siipingi. Napinga tendo. Wala sipingi sherehe yenyewe, kwa sababu nitakazozieleza mbele. Napinga karamu ambayo mwenyewe, yaani kitabu, hakualikwa.

Tuanze na asili ya jambo. Mwaka 1995 UNESCO iliitangaza tarehe 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Uingereza wao huisherehekea mwezi Machi, na huko ndiko ilikokua desturi ya watoto kwenda shuleni wamevaa kama wahusika wa hadithi. Sisi tumeiona desturi hiyo katika simu na televisheni, tukaipenda, tukaileta. Kuleta si dhambi. Kiswahili chenyewe kimekua kwa kupokea. Lakini anayepokea hutazama anachopokea. Huko Uingereza, pamoja na mavazi hayo, watoto hupewa vocha ya pauni 1, na kwa vocha hiyo mtoto huweza kujichukulia kitabu kimoja kati ya vilivyotengwa kwa ajili ya siku hiyo, au kupunguziwa bei ya kingine. Vazi ni pambo. Vocha ndiyo kiini. Hata huko wazazi wamelalamikia gharama za mavazi, lakini angalau mtoto hupata njia ya kurudi nyumbani na kitabu chake mwenyewe. Sisi tulichukua vazi tukaiacha vocha. Tumeuvua mhogo ganda, tukalila ganda.

Mwaka juzi nilialikwa katika hafla ya namna hiyo, katika shule ambayo sitaitaja. Makabati ya vitabu yalikuwa yamesukumwa ukutani na kufunikwa mashuka meupe ili picha zitoke vizuri. Hebu litafakarini hilo: katika hafla ya vitabu, vitabu vilifunikwa kwa kuwa vinaharibu mandhari. Walipita akina Harry Potter wanne na akina Cinderella wengi kuliko nilivyoweza kuwahesabu. Alipita Spider-Man mmoja akishangiliwa kuliko wote. Mshereheshaji alisema Kiingereza tangu salamu hadi kwaheri, na kila mtoto aliyeteleza akatamka neno la Kiswahili alichekwa. Kwa saa tatu hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja kwa sauti. Nilimwuliza kijana mmoja aliyevaa joho la mchawi kama kitabu chake amekisoma. Akanijibu kwa adabu, "Hapana, Mwalimu, nimeona filamu." Simlaumu. Katika shughuli nzima, yeye ndiye aliyesema ukweli.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa mlangoni. Walisimama pale wasichana watatu wa kidato cha pili, wamevaa sare za shule. Mwalimu wa zamu aliwaambia wangoje nje mpaka maonyesho ya mavazi yaishe, kwa sababu hawakuja kama wahusika. Wakangoja. Karibu na kiti changu shuka lilikuwa limeteleza kidogo, nami nikaona ndani ya kabati safu ya nakala za Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ambayo vidato vya tatu na nne wameisoma kwa miaka mingi. Wengi wenu mnaijua. Peter na Zita, watoto wa mama anayeuza chakula, wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na maisha yanawapeleka jalalani. Sasa yapangeni haya pamoja. Kitabu kinachomlilia mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa nguo kimefunikwa shuka, na mtoto aliyekosa nguo ya hafla amesimamishwa mlangoni. Ikiwa kulikuwa na watu siku ile waliokuja wamevaa kama wahusika wa kitabu kilichomo ndani ya maktaba ile, ni wale wasichana watatu. Hakuna aliyewatambua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesoma.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Joho la kukodi kwa siku moja lina gharama, na katika shule nyingi fedha hiyo ingenunua riwaya fupi, mtoto akabaki nayo maisha yake yote. Mzazi mwenye uwezo hulipa bila kufikiri. Mzazi asiye na uwezo hukopa, au mwanawe hubaki nyumbani siku hiyo kwa kisingizio cha homa. Hivyo maktaba, ambayo ndiyo chumba pekee katika shule ambamo mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini hushika kitu kilekile bila kulipa, tumeigeuza kuwa mahali pa kupima mifuko ya wazazi. Maktaba ni nyumba ya kuazima vitabu. Nani ametupa ruhusa ya kuifanya nyumba ya kuazima nguo?

Nasikia majibu yao, na ni haki kuyajibu moja moja.

Wanasema: wahusika wa Kiswahili hawavutii kuvaliwa. Anayesema hivyo ajipime kwanza yeye mwenyewe amesoma vitabu vingapi. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na akili kali kama wembe; mvisheni kijana kanzu na koti kuukuu, mpeni kiko kitupu, hana haja ya fundi cherehani. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, alitupa ndugu wawili wenye choyo waliogeuzwa manyani, na ndugu yao mwema analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo ukimuuma. Ni mtoto gani asiyetaka kuigiza nyani? Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, alitupa nchi inayoelea angani na mshitakiwa anayejitetea mbele ya mfalme kwa siku sita. Nendeni mkatafute mahali penye ajabu kupita hapo.

Wanasema: shule yetu hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo na hafla iwe ya Kiingereza. Ni kweli sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, lakini Kiswahili ni somo katika shule hizohizo, tena lina mtihani wa taifa na vitabu vyake vya fasihi. Kuliweka somo zima chini ya shuka si kukuza Kiingereza. Ni kumwaibisha mtoto kwa lugha ya mama yake. Na mtoto aliyeaibishwa kwa lugha moja hasomi vizuri kwa lugha nyingine yoyote.

Wanasema: ninyi wazee mnachukia vitabu vya wageni. Nani? Mwalimu Nyerere aliketi akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa na nchi nzima ya kuongoza. Alisi wa Waingereza aliingia katika Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Wageni wamekuwa wakija kwetu siku zote, na tumewapokea. Tofauti ni kwamba walipokuja walijifunza kusema nasi. Huyu mchawi wenu wa miwani namkaribisha kwa mikono miwili, mradi asiwafukuze wenye nyumba.

Wanasema, mwisho: vitabu vya Kiswahili vya watoto na vijana hakuna. Hili lina chembe ya ukweli, na kwa hilo nitawarudia malenga wenzangu hivi punde. Lakini si ukweli mzima. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwapo tangu mwaka 1991 ukisaidia vitabu vya Kiswahili kuandikwa na kuwafikia watoto shuleni. Edwin Semzaba alituachia Marimba ya Majaliwa. Siku hizi ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na hadithi za watoto zimepewa nafasi ndani yake. Vitabu vipo. Ufunguo wa kabati ndio haupo, au upo mfukoni mwa mtu aliyekwenda semina.

Sasa niwageukie wazee wenzangu, maana wao nao wana kosa lao. Baadhi ya wastaafu niliozungumza nao wanasema dawa ni kupiga marufuku hafla zote, na maktaba ibaki mahali pa kimya kama ilivyokuwa enzi zetu. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Kile kibao cha KIMYA ukutani nacho tulikileta kutoka hukohuko. Fasihi ya Kiswahili haikuzaliwa kimya. Utenzi huimbwa. Shairi hughaniwa. Utendi aliouandika Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake ulitoka nyumbani kwake ukaenda vinywani mwa wanawake wa pwani, wakausema kwa sauti, wakaukariri, wakarithishana. Ngonjera alizozivumisha Mathias Mnyampala hazikuwa za kusomwa na macho tu. Zilikuwa za jukwaani, na sisi tuliokuwa wanafunzi miaka ya 1970 tunakumbuka hapakuwa na sherehe ya shule bila ngonjera. Kwa hiyo karamu ya vitabu si jambo geni kwetu. Geni ni karamu ya vitabu yenye spika kubwa isiyotoa hata ubeti mmoja.

Basi ifanyweje? Sitaki kuwa yule anayebomoa banda na kuondoka. Nitaeleza tulivyokuwa tukifanya katika shule ya bweni niliyofundisha, ambayo haikuwa na fedha wala mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Maktaba ilishikwa na mwalimu wa jiografia kwa kujitolea.

Kwanza, kitabu hutangulia karamu kwa mwezi mzima. Kila darasa lilipewa kitabu kimoja. Nakala zilikuwa chache, wakati mwingine moja tu, na hiyo ilitosha: mmoja alisoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, wengine wakasikiliza, kesho yake akasoma mwingine. Anayedhani nakala moja haifai kwa watoto arobaini amesahau kwamba bibi mmoja aliwatosha wajukuu wote.

Pili, mavazi yatoke ndani ya bweni. Kanga, shuka, msuli, koti la mwalimu, ufagio. Hakuna kukodi, hakuna kushona, hakuna zawadi ya vazi. Anayekuja na sare anaingia na sare, na nafasi yake ipo, maana baraza la mfalme linataka watu wengi wa kusikiliza.

Tatu, maktaba iwe jukwaa la vitabu vyenyewe. Tuliifanya kesi ya Karama wa Kusadikika. Darasa moja lilimshitaki pamoja na waziri Majivuno, darasa jingine likamtetea, na waliobaki wakawa wazee wa baraza. Sharti lilikuwa moja: usitoe hoja usiyoweza kuionyesha ndani ya kitabu. Nimeona watoto wakikimbilia kabatini katikati ya kesi kutafuta ukurasa. Hamtaona mbio kama hizo kwenye zulia jekundu.

Nne, kata hadithi mahali pa kiu. Tulimchagua msomaji mwenye sauti nzuri, akasoma mwanzo wa Mzimu wa Watu wa Kale mpaka maiti inapoonekana, hapo tukafunga kitabu na kuwasha taa. Kelele iliyopigwa ilisikika nyumba za walimu. Jumapili asubuhi, kabla ya chai, wanafunzi wawili walibisha hodi kwangu kudai sura inayofuata. Niliwapa kitabu, wakakaa nacho chini ya mwembe hadi adhuhuri. Hiyo ndiyo sherehe ya kitabu.

Tano, ipatikane nafasi ya malenga. Wanafunzi waghani beti zao wenyewe, wajibizane, wakosoane mizani na vina mbele ya watu. Atakayekosa mizani leo atahesabu vidole wiki nzima ili asikose tena.

Sita, chakula kiwe kidogo na kiliwe nje: chai, mihogo ya kuchemsha, karanga. Mafuta ya sambusa na karatasi za kitabu hazikai pamoja.

Na saba, hili ndilo kubwa kuliko yote: meza ya mwisho iwekwe mlangoni, juu yake daftari la kuazima na kalamu. Asitoke mtu mikono mitupu. Mkitaka kujua kama hafla yenu ilifaulu, msihesabu picha, msihesabu waliobonyeza kwamba wamezipenda. Lifungueni daftari la kuazima siku ya Jumatatu. Ikiwa ukurasa ni mweupe, mlifanya hafla ya maputo. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Lakini kitabu alichokwenda nacho mtoto kitandani hukesha.

Kwa siku, chagueni iwafaayo. Tarehe 23 Aprili ipo. Ipo pia tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Katika siku hiyo tumekuwa tukisikia hotuba nyingi kuhusu ukubwa wa lugha yetu duniani. Ningefurahi kusikia hotuba chache zaidi na kuona kabati moja zaidi likifunguliwa katika kila kata. Lugha inayosifiwa majukwaani na kufungiwa kabatini inasifiwa kama marehemu.

Sasa niwarudie ninyi, malenga wenzangu. Tunatunga sana, na tunajibizana vizuri. Lakini tunajibizana sisi kwa sisi. Diwani zetu tunawagawia malenga wenzetu, ambao nao hutupa za kwao, na mzunguko unaishia hapo. Ni nani kati yetu aliyetunga mwaka huu shairi moja kwa ajili ya msichana wa miaka kumi na mitatu? Ni nani aliyepeleka nakala yake katika shule ya sekondari iliyo karibu naye, akaomba nusu saa ya kughani? Tukilalamika kwamba watoto wanawajua wachawi wa London kuliko wanavyoijua Kusadikika, tukubali kwamba wachawi hao walipelekewa na watu waliofanya bidii. Wetu tumewaacha wakae nyumbani wakisubiri kualikwa.

Ombi langu ni dogo. Mwalimu anayesoma hapa, na ambaye shule yake inaandaa hafla ya vitabu, aanze kwa kuondoa mashuka kwenye makabati na kuwaingiza ndani walio mlangoni. Malenga anayesoma hapa amwandikie mwalimu huyo na kumwambia: nitakuja kughani, sitaki nauli. Yaliyobaki yatafuata yenyewe.

Nafunga kwa beti tatu, nanyi mnaruhusiwa kunijibu kwa bahari yoyote:

Wakutubi sikieni, kufuli kufunguliwa,
Vitabu vi kabatini, vyangoja kuchukuliwa,
Mtoto yu mlangoni, kwa sare akazuiwa,
Vitabu azimisheni, nguo zimeshavaliwa.

Karama anasimama, hukumu kuikabili,
Naye Msa anasema, amekwisha jua kweli,
Nani atakayesoma, kama kufuli ni kali?
Vitabu azimisheni, nguo zimeshavaliwa.

Kalamu naweka chini, nimesema yangu yote,
Karamu iandaeni, na watoto waje wote,
Watokapo mlangoni, kitabu wakikamate,
Vitabu azimisheni, nguo zimeshavaliwa.